Bei Ikishuka Baada ya Kununua: Haki ya Kurudisha Bidhaa Zilizoagizwa kwa Mtandao

Makatibu wa vyama vya msingi wamezoea kununua mahitaji ya ofisi na ya ghala mjini, dukani kwa mtu wanayemfahamu. Katibu huiona bidhaa, huishika, hupatana bei, hulipa na kupewa stakabadhi. Bei ikishuka juma linalofuata, hasara ni yake. Hakuna muuzaji atakayemwita mtu barabarani ili amrudishie tofauti. Desturi hiyo ni ya kale, na hakuna aliyeihesabu kuwa dhuluma.

Siku hizi, hata hivyo, mashine za kuchapisha, betri za umeme wa jua, mizani, na hata vitabu vya hesabu huagizwa kwa njia ya mtandao, na bei za huko hubadilika usiku na mchana. Aliyenunua Jumatatu aweza kuiona bidhaa ile ile, katika duka lile lile, imepunguzwa bei Alhamisi, tena kabla mzigo wake haujafika. Ndipo linapozuka swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu: je, mnunuzi ana haki ya kuirudisha bidhaa hiyo, apewe fedha zake, kisha ainunue upya kwa bei ya chini?

Jibu hutegemea ni nani aliyenunua, kwa sheria ya nchi gani, na amefikia siku ya ngapi tangu apokee mzigo. Kulieleza vizuri yafaa tuanzie Ulaya, kwa kuwa huko sheria ya jambo hili imekwisha kukomaa, na mahakama za huko zimelazimika kuamua mashauri yanayofanana kabisa na swali letu.

Magodoro mawili

Mwezi wa Januari 2014 mtu mmoja nchini Ujerumani aliagiza magodoro mawili kwa mtandao. Yakaletwa, naye akalipa. Baadaye akagundua kwamba muuzaji mwingine anayauza kwa bei nafuu zaidi. Muuzaji wake alikuwa ametoa ahadi kwa wateja kwamba bei yake haitashindwa na ya mwingine. Kwa hiyo mnunuzi akaomba arudishiwe tofauti, yaani yuro 32.98 kwa magodoro yote mawili, akaeleza kuwa akirudishiwa kiasi hicho hataitumia haki yake ya kuvunja mkataba. Hawakuafikiana. Mnunuzi akauvunja mkataba kabla ya muda uliowekwa kwisha, akayarudisha magodoro, akadai fedha zake zote.

Muuzaji alikataa kulipa. Hoja yake ilikuwa kwamba haki ya kurudisha imewekwa ili mtu aliyenunua kitu bila ya kukiona apate kukikagua nyumbani kwake. Haikuwekwa iwe fimbo ya kumtishia muuzaji apunguze bei. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na msomaji aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la ushirika ataielewa upesi. Lakini mahakama za chini ziliikataa, na tarehe 16 Machi 2016 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliikataa vile vile.

Majaji walieleza kwamba sheria imempa mlaji haki ya kuvunja mkataba bila ya kutoa sababu yo yote. Ikiwa sababu haitakiwi, basi mahakama haiwezi kuanza kuipima sababu na kuuliza kama ni njema au mbaya. Kulinganisha bei, na kumpa muuzaji nafasi ya kuteremsha yake ili mkataba usivunjwe, ni matunda ya ushindani wa biashara tu. Haki hiyo yaweza kuzuiwa kwa nadra sana, kwa mfano pale mnunuzi anapotenda kwa hila, akikusudia kumdhuru muuzaji au kumsumbua bure. Mtu anayetaka kuokoa yuro thelathini na mbili hayumo katika kundi hilo.

Msingi wa haki yenyewe ni huu. Mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo kwamba anayenunua kutoka kwa muuzaji wa mbali apewe angalau siku saba za kazi za kujirudi. Agizo jipya la mwaka 2011 lilifanya muda huo kuwa siku 14 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na likaanza kutumika tarehe 13 Juni 2014. Uingereza nayo iliweka kanuni zake za aina hiyo zilizoanza siku hiyo hiyo, na imeendelea nazo hata baada ya kutoka katika Umoja huo mwaka 2020.

Siku hizo 14 hazihesabiwi tangu siku ya kuagiza, bali tangu bidhaa ilipomfikia mnunuzi, na siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi. Kabla ya hapo pia anaweza kuuvunja mkataba. Hapana budi amjulishe muuzaji waziwazi, kwa barua, kwa barua pepe au kwa fomu aliyopewa. Kurudisha furushi kimya kimya hakutoshi. Akisha kutoa taarifa anazo siku nyingine 14 za kupeleka bidhaa, na muuzaji naye ana siku 14 tangu kupata taarifa za kurudisha fedha, ila anaruhusiwa kuzishikilia mpaka apokee mzigo au apewe uthibitisho kwamba umekwisha kupelekwa. Fedha zinazorudishwa ni pamoja na gharama ya kawaida ya kumletea mnunuzi bidhaa. Kama mnunuzi alitaka aletewe kwa haraka na akalipa zaidi, ziada hiyo haimrudii. Nauli ya kurudisha ni juu ya mnunuzi, isipokuwa muuzaji amekubali kuibeba au hakumwambia tangu mwanzo kuwa ni yake. Na muuzaji ambaye hakumweleza mnunuzi kabisa kuwa ana haki hii hujiletea adhabu: muda huongezwa kwa miezi 12.

Kutumia na kukagua

Watu wengi hudhani kwamba sanduku likifunguliwa haki imekwisha. Sivyo. Mjerumani mwingine alinunua kitanda cha maji kwa yuro 1,265, akakijaza maji, akakilalia siku tatu, kisha akakirudisha. Muuzaji alimlipa yuro 258 tu, akisema kwamba kitanda kilichojazwa maji hakiuziki tena, na kilichobaki na thamani ni kile chombo cha kupasha moto. Tarehe 3 Novemba 2010 mahakama ile ile iliyotajwa juu ilimwamuru arudishe fedha zote, kwa kuwa kitanda cha maji hakiwezi kukaguliwa bila ya kutiwa maji.

Agizo la mwaka 2011 limeweka kipimo kilicho wazi zaidi: mnunuzi afanye nyumbani kile ambacho angeruhusiwa kufanya dukani ili kujua bidhaa ilivyo na inavyofanya kazi. Akivuka hapo na bidhaa ikapungua thamani, upungufu huo hukatwa katika fedha zake. Yaani koti hujaribiwa, lakini halivaliwi kwenda harusini. Kuna pia bidhaa ambazo hazirudishwi kabisa: zilizotengenezwa kwa vipimo vya mteja mwenyewe, zinazooza upesi, na zilizofungwa kwa ajili ya usafi au afya zikifunguliwa. Muuzaji mmoja alijaribu kuliingiza godoro katika fungu hili la mwisho kwa kuwa mnunuzi alikuwa ameondoa karatasi ya nailoni iliyolifunika. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimkatalia tarehe 27 Machi 2019. Ikasema kwamba godoro ni kama nguo, ambayo nayo hugusa mwili inapojaribiwa, na huweza kusafishwa na kuuzwa tena.

Bei za soko la dunia

Jambo moja katika orodha ya makatazo litamgusa msomaji wa taarifa hii kuliko mengine. Agizo lasema kwamba hakuna haki ya kurudisha ikiwa bei ya kitu inafuata mabadiliko ya soko la fedha ambayo muuzaji hana uwezo nayo. Sababu yake mkulima wa kahawa haihitaji kuelezwa. Kama mtu angeruhusiwa kununua dhahabu leo na kuirudisha baada ya siku kumi kwa sababu bei imeanguka, angekuwa anacheza kamari kwa fedha za muuzaji: ikipanda hufaidi yeye, ikishuka huumia mwingine.

Je, mafuta ya kupasha nyumba moto wakati wa baridi nayo yamo? Bei yake hufuata bei ya mafuta ghafi duniani, na hubadilika kila siku. Mnunuzi mmoja wa Ujerumani aliyaagiza kwa mtandao kisha akaghairi. Muuzaji akadai fidia. Tarehe 17 Juni 2015 mahakama ilimwunga mkono mnunuzi. Ilieleza kwamba katazo limekusudiwa kwa mikataba ambayo kiini chake ni bahati nasibu ya bei, na mtu anayenunua mafuta ili familia yake isipigwe na baridi hafanyi biashara ya namna hiyo. Twaona uamuzi huo ni wa haki, ingawa ni mgumu kwa mchuuzi mdogo wa mafuta ambaye naye ameshanunua kwa bei ya jana. Chama kitakachojaribu kuwauzia walaji wa Ulaya kahawa iliyokaangwa moja kwa moja kwa mtandao kitajikuta upande wa mchuuzi huyo, na yafaa kilijue hilo kabla ya kupanga bei.

Aidha si kila punguzo ni punguzo. Tangu tarehe 28 Mei 2022 muuzaji wa Ulaya anayetangaza kwamba ameteremsha bei hana budi kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Kampuni moja ya maduka ilitangaza ndizi kwa yuro 1.29 na kuandika kwamba bei imeshuka kwa asilimia 23 kutoka yuro 1.69. Kwa herufi ndogo ilikiri kwamba katika siku 30 zilizopita ndizi hizo zilikwisha kuuzwa kwa yuro 1.29 vile vile. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 26 Septemba 2024 kwamba asilimia ya punguzo lazima ihesabiwe kutoka kwenye ile bei ya chini, siyo kutoka kwenye bei anayoichagua muuzaji. Kabla ya kufungasha mzigo ili kuurudisha, basi, mnunuzi na ahakikishe kwamba hiyo bei mpya kweli ni ya chini kuliko aliyolipa, baada ya kujumlisha nauli na kodi.

Nchi nyingine

Nchini Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha muuzaji wa mtandaoni kumrudishia fedha mnunuzi aliyebadili nia. Kanuni ya siku tatu ambayo watu huitaja huko yahusu mauzo ya nyumba kwa nyumba na ya mahali pa muda, wala haigusi maagizo ya mtandao. Kila duka lina masharti yake. Mengine ni ya ukarimu mkubwa, mengine hayana huruma. Wanaowatuma jamaa zao wawanunulie vitu huko wasichukue mfano wa Ulaya kuwa sheria ya dunia.

Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2002 ya mawasiliano na miamala ya kielektroniki, ilimpa mlaji siku saba baada ya kupokea bidhaa, bila ya kutoa sababu, naye hulipa gharama ya kurudisha tu. Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2012 ya kumlinda mlaji yamruhusu anayefanya mkataba kwa intaneti kuuvunja hadi siku saba baada ya kupata nakala ya mkataba huo, lakini kwa makosa ya muuzaji: kwamba hakumpa maelezo yanayotakiwa, au hakumpa nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya kufunga mkataba. Mnunuzi wa Nairobi aliyeona bei imeshuka, wakati muuzaji alitimiza hayo yote, hawezi kuitegemea ibara hiyo. Atategemea masharti ya duka. Kwa Tanzania, msomaji aitazame Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo ina sehemu inayomhusu mlaji.

Chama si mlaji

Sasa twafika penye hatari kwa makatibu. Katika sheria ya Ulaya, na katika ile ya Afrika Kusini, mlaji ni mtu binafsi. Huko Ulaya ni yule anayenunua kwa mahitaji yasiyo ya biashara wala kazi yake. Chama cha ushirika kinaponunua mizani kwa jina lake, kwa kazi yake, hakimo. Kile kipindi cha siku 14 hakikihusu, hata kama muuzaji huwapa wateja wengine wote. Chama kimebaki na mkataba wake tu, yaani yale masharti marefu ambayo watu wengi hubonyeza kukubali bila ya kuyasoma.

Kuna wanaofikiri kwamba dawa ni katibu kununua kwa jina lake mwenyewe, kwa simu yake, halafu chama kimlipe. Twalipinga wazo hilo kwa nguvu. Fedha zikirudishwa, kwa kawaida hurudi kwa njia ile ile zilizolipiwa. Zitarudi basi katika simu ya katibu, wakati kitabu cha fedha cha chama kinaonyesha matumizi kamili na hati ya malipo iliyotiwa sahihi. Hata katibu mwaminifu kabisa atajikuta mbele ya mkaguzi wa hesabu akieleza jambo ambalo halielezeki kwa urahisi. Watu wameharibikiwa jina kwa mambo madogo kuliko hayo.

Njia iliyo njema ni kuuliza kabla ya kulipa. Katibu amwandikie muuzaji kwa barua pepe ya chama, amwulize mambo mawili: chama kinaweza kurudisha bidhaa ambayo haijatumika ndani ya siku ngapi, na bei ikishuka ndani ya siku hizo muuzaji atarudisha tofauti au la. Majibu hayo ya maandishi ndiyo yatakayokuwa haki ya chama. Mwanachama wa ushirika amezoea kupokea malipo ya kwanza anapoleta mazao yake, kisha nyongeza baada ya mauzo; si jambo geni kwake kwamba bei ya mwisho hujulikana baadaye. Lakini nyongeza hiyo humfikia kwa kuwa chama ni chake na utaratibu umekubaliwa. Muuzaji wa mtandaoni hana utaratibu huo na mtu ambaye hakuuomba.

Bei ikishuka baada ya mzigo kufika, hesabu ifanywe kabla ya hasira. Tuseme chama kimenunua mizani kwa shilingi 640,000, na siku tano baadaye yauzwa kwa 560,000. Tofauti ni shilingi 80,000. Kuirudisha mjini kwa gari la mizigo ni shilingi 45,000. Kuifungasha upya na nauli ya mtu wa kuisindikiza ni 12,000. Zimebaki 23,000. Ikiwa kuletewa mizani ya pili ni shilingi 30,000, na masharti ya duka hayarudishi nauli ya mara ya kwanza, faida imekwisha kugeuka kuwa hasara ya shilingi 7,000. Tena chama kinahitaji kuwa na shilingi 560,000 nyingine mkononi wakati kinangojea za kwanza zirudi, na kama msimu wa kupokea mazao umeanza, wakulima hawatangoja mizani.

Ndiyo maana tunashauri kwamba hatua ya kwanza iwe kuomba tofauti, kama alivyofanya yule mnunuzi wa magodoro. Muuzaji mwenye akili hujua kwamba kurudishiwa mzigo humgharimu naye: kuupokea, kuukagua, kuufungasha na kuuuza kama kitu kilichofunguliwa. Mara nyingi ni nafuu kwake kutoa kile kidogo. Akikataa, na masharti yanaruhusu kurudisha, na hesabu bado ina faida, basi halmashauri iidhinishe na katibu aandike barua.

Barua hiyo haihitaji ufundi. Itaje namba ya agizo, tarehe ya kuagiza na tarehe ya kupokea. Iseme kwa sentensi moja kwamba chama kinauvunja mkataba wa kununua kitu fulani kwa mujibu wa sharti fulani. Iombe fedha zirudishwe katika akaunti ya chama. Bei mpya haina haja ya kutajwa. Ukurasa unaoonyesha bei hiyo uchapishwe siku ile ile inapoonekana na utiwe jaladani, pamoja na picha za bidhaa ikiwa imefungashwa na stakabadhi ya mchukuzi. Fedha zikifika, ziandikiwe stakabadhi ya mapokezi na kuingizwa katika kitabu cha fedha kama mapato ya siku hiyo, zikiwa na maelezo yanayorejea namba ya hati ya malipo ya awali. Isijaribiwe kufuta yale matumizi ya kwanza. Mkaguzi hutaka kuiona safari yote ya fedha, kwenda na kurudi.